Trekta ya bustani ya mtumba: soma dalili kabla ya kununua spea

Trekta ya bustani inayofika Mombasa ikiwa imetumika huwa imekaa kuliko ilivyochoka. Imekata nyasi ng'ambo mpaka mwenyewe akaiacha, ikangoja meli, ikalala katika yadi ya Changamwe au Miritini, kisha ikasimama mbele ya duka ikipigwa na upepo wa bahari. Muda huo wote petroli inageuka gundi ndani ya kabureta, chumvi inakula viungo vya waya, na panya wanajenga chini ya kifuniko cha feni. Ndiyo maana injini inayosemwa kuwa imekufa mara nyingi hufufuliwa kwa msasa, dawa ya kuoshea kabureta na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Hapa tunazungumzia zile za petroli, silinda moja au mbili, zenye deki ya visu chini ya tumbo, zinazokata nyasi kwenye hoteli za Nyali na Shanzu, viwanja vya shule na vya gofu. Vipimo vya injini tunavyotoa ni vya Briggs & Stratton za valvu za juu; kama yako ni Kawasaki, Kohler au Honda, hatua ni zile zile lakini namba zitafute kwa modeli yako.

Jambo moja la vifaa kabla ya kuanza. Trekta iliyotengenezwa Marekani ina bolti za inchi. Spana ya milimita itaingia ikicheza, itakula kona za bolti yenye kutu, na kazi ya dakika tano itakupeleka kwa mchomeleaji. Pata 7/16, 1/2 na 9/16, multimita, fila geji, brashi ya waya, na stendi mbili za kuwekea trekta. Usilale chini ya trekta iliyoshikwa na jeki peke yake.

Usipige stata kwanza

Mwuzaji atataka kukuonyesha inavyowaka. Mwambie angoje. Kama tayari ameiwasha kabla hujafika, shika injini kwa tahadhari: ikiwa ya moto, basi haipendi kuwaka ikiwa baridi, na yeye anajua.

Chomoa kijiti cha oili, kitazame na ukinuse. Oili nyeusi si kitu, ni uzee tu. Oili iliyopita alama ya juu, nyepesi kama maji na yenye harufu ya petroli ni habari nyingine: sindano ya boya ndani ya kabureta haifungi, na petroli ya tangini imeshuka mpaka kwenye injini. Ukiiwasha hivyo, beringi na silinda zinasagana bila ulinzi. Funga petroli, mwaga oili yote, badilisha filta yake kama ipo, rekebisha kabureta, ndipo ujaze upya. Ukijaza bila kugusa kabureta, kesho yake utaikuta oili imepanda tena.

Kwa joto la Pwani weka SAE 30. Ile ya 10W-30 hufanya kazi, ila kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 injini huweza kuila kidogo zaidi. Silinda moja huchukua karibu lita 1.4, silinda mbili karibu lita 1.9. Mimina pungufu ya hapo, ngoja, pima kwa kijiti, kisha ongeza taratibu. Oili iliyozidi huleta moshi ambao baadaye utamsingizia pistoni. Oili ya rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Mwaga, jaza, endesha nusu saa, mwaga tena.

Petroli iliyokuja na trekta mwaga yote, hata kama mwuzaji anaapa kuwa ni ya jana. Ikinuka kama vanishi, ujue kabureta nayo imeziba. Badilisha filta ndogo ya petroli iliyo kwenye mpira, na uukunje ule mpira kwa vidole: ukionyesha nyufa, badilisha. Mpira mbovu unaonyonya hewa hukusumbua kuliko unaovuja, kwa sababu hauonekani.

Halafu fungua kifuniko cha feni juu ya injini. Hatua hii wengi huiruka. Injini hizi hupozwa kwa hewa inayopita kati ya mapezi ya silinda, na mapezi yakijaa nyasi kavu au kiota cha panya, silinda inapikika upande mmoja. Safisha kwa kijiti na upepo wa kompresa, usipige maji. Ukiwa hapo, nakili namba zilizogongwa kwenye bati: modeli, aina na kodi (code). Kwenye Briggs & Stratton kodi huanza na mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo kodi inayoanza na 080415 ni injini ya tarehe 15 Aprili 2008. Ukiambiwa trekta ni ya 2016, hapo una neno la kusema kwenye bei. Na bila namba hizo duka la spea litakuuzia gasketi ya kubahatisha.

Unawasha ufunguo, kimya

Pima betri ikiwa imepumzika. Volti 12.6 imejaa. Volti 12.0 imekaribia kuisha, ichaji kwanza kwa ampea 2 usiku kucha. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6, ikishuka, betri imechoka hata kama ilionyesha 12.6 ikiwa imetulia.

Betri ikiwa nzima, mshtaki wa pili ni chumvi. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vioshe kwa maji ya moto yaliyochanganywa na kijiko cha magadi, sugua kwa brashi, kausha, kaza, kisha paka grisi juu. Huo ndio upande unaoonekana. Ule usioonekana ni mwisho wa waya wa negativu, pale unapofungwa kwenye fremu au injini, chini ya rangi na kutu. Upime hivi: ncha moja ya multimita kwenye risasi ya negativu ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya huo au kiungo chake ni kibovu. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena. Trekta nyingi zimenunuliwa stata mpya huku ugonjwa ukiwa bolti moja yenye kutu.

Kama hata mlio wa "tik" hausikiki, tazama fyuzi kisha swichi za usalama. Trekta hizi hazipigi stata mpaka pedali ya breki iwe imekanyagwa na visu viwe vimezimwa. Swichi zake ni za plastiki na miguu yake huoza. Fuata waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi ya stata, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata: ukigeuza ufunguo mpaka kwenye stata na breki imekanyagwa, uwe na volti 12. Zisipokuwepo, rudi nyuma swichi moja baada ya nyingine. Zikiwepo na solenoidi iko kimya, solenoidi imekufa au imekosa negativu. Ikipiga "tik" lakini umeme hautoki kwenye bolti yake kubwa ya pili, ibadilishe; haifunguliwi ikatengenezwa.

Unaweza kuunganisha waya za swichi ili kujaribu. Usiziache hivyo. Na mwuzaji naye huenda aliziunganisha, kwa hiyo jaribu: trekta inawaka, visu vinazunguka, inuka kidogo kitini bila kushuka. Injini lazima izime. Ikiendelea, swichi ya kiti imerukwa, na siku mtu atakapoteleza visu havitasimama.

Inageuka nusu, kisha inagoma

Dalili hii imekula pesa za watu zaidi ya zote. Unapiga stata, injini inazunguka kidogo, inafika mahali inakwama kana kwamba betri imeisha. Unabadilisha betri, halafu stata, na bado. Ukitoa plagi, inazunguka kama feni.

Chanzo kwa kawaida ni nafasi ya valvu. Ndani ya injini kwenye kemushafti, shafti inayosukuma valvu, kuna kinundu kidogo kinachoinua valvu kidogo wakati wa kupiga stata, ili mgandamizo upungue na stata iweze kusukuma pistoni. Kinundu hicho huinua kwa kiasi kidogo mno. Nafasi kati ya valvu na mkono wake ikipanuka kwa uchakavu, kinundu kinainua hewa tupu, valvu inabaki imefunga, na stata inapambana na mgandamizo mzima.

Kuirekebisha hakuhitaji kufungua injini. Toa plagi. Fungua kifuniko cha valvu, bolti nne. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, huku mrija wa plastiki ukiwa ndani ya tundu la plagi ili uone pistoni inavyopanda. Unatafuta pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga; ukikuta moja inasukumwa, uko kwenye mzunguko usio wake, endelea duara moja zaidi. Pistoni ikishafika juu, endelea kuzungusha mpaka ishuke karibu milimita 6. Kushuka huku si pambo: ndiko kunakoondoa kinundu njiani, na ukipima pistoni ikiwa juu kabisa utapata namba ya uongo.

Sasa pima kwa fila geji. Kwa nyingi za silinda moja, valvu ya kuingiza ni milimita 0.08 hadi 0.13, ya kutolea moshi 0.13 hadi 0.18. Ya moshi ni ile iliyo upande wa eksozi. Legeza kifungio, kaza nati mpaka fila iteleze kwa kubana kidogo, funga kifungio, kisha pima tena, maana kufunga huku hubadilisha kipimo. Zungusha injini duara mbili kamili na urudie kupima. Weka gasketi mpya ya kifuniko. Injini kadhaa za Kohler zina valvu zinazojirekebisha kwa oili, hizo usiziguse.

Inageuka vizuri, haiwaki

Tenganisha cheche na petroli. Toa plagi, iunganishe na waya wake, ikae juu ya chuma cha injini mbali na tundu la silinda, piga stata. Cheche iwe ya buluu na yenye sauti. Plagi mpya ni bei ndogo, weka tu, nafasi milimita 0.76.

Hakuna cheche? Chomoa ule waya mwembamba wa kuzima unaotoka kwenye koili inayotengeneza cheche, jaribu tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima na tatizo liko kwenye swichi au waya uliochubuka ukagusa fremu. Isiporudi, sugua kutu iliyo kwenye sumaku ya flaiwili na miguu ya koili, weka nafasi ya milimita 0.25 hadi 0.35 kati yake. Kadi nene ya biashara inatosha kama huna fila. Hapo ndipo koili ishukiwe.

Cheche ipo lakini injini inapiga teke kinyume au inalipuka kwenye kabureta: ondoa flaiwili utazame kii yake, kile kipande laini kinachoishika kwenye shafti. Kikikatika hata kidogo, cheche inakuja wakati usio wake. Kwenye trekta hii hutokea hasa nati ya flaiwili ilipokazwa vibaya.

Cheche ni nzuri, plagi ni kavu: petroli haifiki. Chini ya bakuli la kabureta kuna solenoidi yenye waya. Ukifungua ufunguo ipige "tik". Isipopiga, angalia umeme wake kabla ya kuilaumu. Ikipiga, fungua bakuli. Utakuta unga mweupe au gundi ya kahawia. Osha jeti, vile vitundu vyembamba vya petroli, kwa dawa na uzi mmoja wa waya wa shaba. Usitumie pini ya chuma, utapanua tundu na injini italewa petroli daima. Badilisha sindano ya boya na kiti chake ukiwa umeshafungua, hasa kama oili ilinuka petroli.

Inawaka lakini haitulii

Mzunguko unaopanda na kushuka wenyewe, kama mtu anayecheza na aksileta, ni petroli pungufu kuliko hewa. Ama jeti ndogo imeziba, ama hewa inaingia kati ya kabureta na injini. Nyunyizia dawa ya kabureta kidogo kwenye kiungo hicho injini ikiwa bado baridi. Mlio ukibadilika, gasketi imepasuka. Usikimbilie kukunja springi za gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Gavana anafanya kazi yake, anajaribu kuokoa injini yenye njaa.

Inazima baada ya dakika 20 na kuwaka tena ikipoa: siku itakapozima, legeza kifuniko cha tangi mara moja. Ikivuta hewa kwa sauti na kuwaka papo hapo, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Isipobadilika, pima cheche injini ikiwa bado ya moto. Koili mbovu hupoteza cheche kwa joto na kuirudisha ikipoa.

Moshi mweusi ni choki iliyokwama au filta ya hewa iliyojaa. Moshi wa buluu usiokoma, oili ikiwa kwenye kiwango, humfanya fundi aseme ringi. Kwenye Briggs za silinda moja mshuku kwanza gasketi ya hedi. Hupasuka kati ya silinda na njia ya vijiti vya valvu, mgandamizo ukaingia kwenye sehemu ya oili na kuisukuma itoke na moshi. Gasketi ni kazi ya mchana mmoja, ringi ni kufungua injini nzima.

Injini ikiwa kwenye kasi kamili, pima betri: volti 13.5 hadi 14.5. Zikibaki 12 na kidogo, sugua miguu ya regyuleta, kidhibiti cha chaji, inapogusa chuma, kisha ndipo uinunue mpya.

Injini inanguruma, trekta haisogei

Anza na aibu ndogo: nyuma, karibu na ekseli, kuna fimbo ya kuiachilia trekta isukumwe kwa mkono. Ilivutwa yadini wakati wa kuipakua na hakuna aliyeirudisha. Pili, mkanda wa kuendeshea, ulioteleza hadi ukang'aa au wenye oili. Tatu, kii ya mraba kwenye gurudumu la nyuma. Ikikosekana, ekseli inazunguka na tairi limetulia.

Trekta yenye giaboksi ya haidrostati (inayoendeshwa kwa msukumo wa oili) ikienda vizuri asubuhi na kulegea kwenye kilima ikishapata moto, oili yake imechoka, au pampu imekwisha. Giaboksi ya Tuff Torq K46, inayopatikana kwenye trekta nyingi za bei ya chini, huchukua takriban lita 2 za 10W-30, na nyingi hazina bolti ya kumwagia: lazima ishushwe na kupinduliwa. Baada ya kujaza itoe hewa. Inua magurudumu ya nyuma, vuta fimbo ya kuachilia, injini polepole, kanyaga mbele na nyuma mara tano au sita, rudisha fimbo, rudia. Isiporudi na nguvu baada ya hapo, tegemea giaboksi nyingine, na giaboksi hiyo inaweza kukaribia bei ya trekta yenyewe. Kwa hiyo jaribio la kilima likamilike kabla hujalipa, trekta ikiwa imetembea angalau nusu saa.

Deki

Chomoa kofia ya plagi na ufunguo kabla mkono haujaingia chini.

Bustani za hapa zina mawe ya matumbawe, vifuu na makumbi. Vifuu hupinda kisu, na usumba hujiviringisha kwenye spindo, shafti inayozungusha kisu, mpaka unasukuma sili na grisi inatoka. Kata usumba wote kwa kisu kidogo. Shika kila kisu nchani ukitikise juu na chini. Kikicheza, beringi za spindo zimekwisha. Zungusha kwa mkono usikilize: sauti ya mchanga ni beringi hizo hizo.

Mtetemo: pima kutoka ncha ya kisu hadi sakafuni, zungusha nusu duara, pima ncha ya pili pale pale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu kimepinda. Weka kisu kipya. Ikiwa tofauti imebaki, aliyepinda ni spindo. Kisu kilichopinda usikinyooshe kwa nyundo wala usikichomelee. Kikivunjika hutoka kama risasi. Ukinoa, kining'inize katikati kwenye msumari ukutani na upunguze upande mzito mpaka kikae sawa.

Mkato wa mshazari mara nyingi ni upepo wa matairi. Weka psi 14 mbele na 10 nyuma, pande zote sawasawa, ndipo upime deki: mbele iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Ukipima deki kabla ya matairi unarekebisha kosa kwa kosa.

Visu visipoanza kwenye trekta yenye klachi ya umeme, pima koili yake: omu 2 hadi 4 ni nzima, na uhakikishe volti 12 zinafika. Ikishika baridi na kuachia ikipata moto, nafasi yake imepanuka. Kaza nati tatu za pembeni kwa zamu mpaka fila ya milimita 0.3 hadi 0.4 iteleze kwenye matundu yote matatu. Bati la deki lililotoboka kwa kutu hubandikwa kiraka cha milimita 3, lakini betri itolewe na waya za injini zichomolewe kabla ya kuchomelea.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi kaza upya bolti za visu na vichwa vya betri, piga grisi kwenye spindo na ekseli ya mbele, na upime oili tena trekta ikiwa imesimama tambarare.